Gari Linalala Wapi

Siku ya tatu baada ya kumzika Mama Qabale, nyumbani kwake mtaa wa Bula Pesa, Isiolo, wazungumzaji watatu walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsifu kwa upole wake. Upole! Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka upande wa wanawake, nikajikaza nisiseme kitu, mpaka binti mmoja akanishika mkono akidhani nalia. Sikuwa nalia, nilikuwa nimekasirika. Walisema alikuwa mama mnyamavu, mwenye subira, asiyetaka makuu. Wallahi, huyo mimi simjui. Mama Qabale niliyemjua mimi alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, alikuwa na lori alilolipenda kuliko alivyowapenda watu wengi, na alirarua fomu ya bima vipande vinne mbele ya mtu aliyeiandaa kwa nia njema. Fomu hiyo niliipiga taipu mimi. Sasa nimezeeka, magoti hayanisikii, na sina tena uvumilivu wa kunyamaza watu wakali wanapofanywa malaika kwa sababu tu wamefumba macho. Nitausimulia mwaka mmoja niliokaa kwake. Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo muulize mtu mwingine.

Ilikuwa ile miaka ya sabini ikielekea mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, na nilijua kupiga taipu bila kuangalia vidole, jambo ambalo katika Isiolo ya wakati ule lilinifanya nijione waziri. Bwana Mwirigi, wakala wa kampuni moja ya bima ya Nairobi, aliniajiri siku ile ile aliyoniona nikiandika. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la vyuma, chenye harufu ya rangi na ya misumari iliyopakwa grisi. Kulikuwa na meza mbili, kabati la chuma la mafaili ambalo droo yake ya chini haikufungika, na dirisha moja lililotazama barabara kuu. Upepo ukianza tulilifunga dirisha hilo mbio, maana vumbi liliingia kwenye taipureta mpaka herufi zikakwama. Mwirigi alikuwa mtu wa Meru, mnene, mcheshi, aliyeimba nyimbo za kanisani huku akipiga hesabu. Saa nne aliagiza chai na mandazi, akanigawia bila kupima. Nayasema haya mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya, na sitaki mtu afikiri alikuwa shetani.

Aliyetawala chumba kile hasa hakuwa Mwirigi, kilikuwa kitabu cha viwango. Kilikuwa na jalada jeusi, kilitoka Nairobi, na bei ya kila gari ilikuwa imo humo tayari kabla mwenyewe hajafungua mlango. Mtu alikuja na gari lake, nikamuuliza aina yake, uzito wake, mwaka lilipotengenezwa, na halafu nikafika kwenye swali la nne: gari linalala wapi? Akisema linalala Meru, au Nanyuki, au kokote kule juu milimani, Mwirigi alifungua ukurasa mmoja. Akisema linalala Isiolo au kaskazini yake, alifungua ukurasa mwingine, na bei ya huko ilikuwa maradufu. Hakuna aliyeulizwa gari linaenda wapi. Lori la mtu wa Meru lilipita Isiolo, likasimama kwenye beria ya polisi mwisho wa mji kaskazini, dereva akaandika jina lake kwenye lile daftari kubwa la askari, akaendelea mpaka Merti kwa bei ya ukurasa wa kwanza. Lori letu lilisimama beria ile ile, likaenda Merti ile ile, kwa bei ya ukurasa wa pili. Kurasa hizo mbili zilikuja na kitabu kipya cha mwaka wangu wa pili kazini, nikamuuliza Mwirigi sababu. Akaniita kwa jina bila kuinua kichwa, akasema, "Huku ni kaskazini, Tume. Vita ya shifta imeisha miaka kumi sasa lakini kitabu hakijui." Akacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko hicho kinaniuma mpaka leo.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipanga chumba kwa Mama Qabale, mlango wa pili kutoka jikoni. Alikuwa mjane wa kama miaka hamsini, mwenye lori moja la tani saba, dereva mmoja aliyeitwa Galgalo, na maoni juu ya kila kitu. Lori lililala uani, kati ya chumba changu na choo, kwa hivyo usiku ukitaka kwenda choo unalizunguka ukilipapasa ubavu. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia na mkate wa anjera. Alasiri, nikitoka kazini, alikaanga buna, zile buni nzima za kahawa zinazopasuka kwenye samli, na harufu yake iliwaita majirani bila mtu kutumwa. Walikaa sebuleni wakatafuna, wakasema. Mimi nilikaa karibu na pazia nikijifanya nashona. Nilijifunza mambo mengi zaidi nyuma ya pazia lile kuliko shuleni, na sioni haya kulisema.

Mwaka ule biashara ya mifugo ilikuwa imefungwa kwa karantini, na lori lilikuwa limekaa uani wiki nyingi likinyewa na kuku. Galgalo alilipiga moto kila asubuhi ili betri isife, kisha akalizima, akakaa kwenye ngazi yake akivuta sigara. Ndipo ikatoka tenda ya kupeleka mahindi na maharagwe kila mwezi kwenye shule za Merti, Korbesa na Biliqo. Mama Qabale aliitaka tenda ile kama mtu mwenye kiu. Bila hiyo angeuza lori, na mnunuzi alishakuja mara mbili kulikagua magurudumu. Sharti lilikuwa moja tu gumu: lori liwe na bima kamili, siyo ile ya lazima peke yake, na cheti kifike ofisi ya tenda kabla ya mwisho wa mwezi. Tulikaa naye tukapiga hesabu kwenye karatasi ya sukari. Ukitoa mafuta, springi na mshahara wa Galgalo, kilichobaki chote kilimezwa na bei ya ukurasa wa pili. Mshindani wake, tajiri mmoja wa Meru mwenye malori matatu, angelipa nusu kwa safari zile zile.

Nikaenda kwa Mwirigi kumwombea. Alinisikiliza vizuri, akazunguka kwenye kiti chake, akasema, "Hii ni rahisi. Andika lori linalala Meru, kwa ndugu yangu. Yeye ako na boma kubwa. Nani atakuja kuangalia?" Nilifurahi mpaka nikasahau kumalizia chai yangu. Nikapiga taipu fomu safi, bila kosa hata moja, na kwenye swali la nne nikaandika Meru. Kesho yake Mama Qabale akaja amevaa buibui yake ya kwenda ofisini, akakaa, akaweka dole gumba tayari kwa wino kwa sababu hakujua kusoma. Kwa desturi yake akaniambia nimsomee kwanza kila neno. Nikamsomea kwa Kiborana. Nilipofika swali la nne akaniinulia mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Lori yangu inalala wapi?"

"Meru, Mama. Ni maandishi tu. Bei inashuka nusu."

"Nani amelala na hiyo lori huko Meru, wewe ama mimi?"

Mwirigi akaingilia na ile sauti yake ya kubembeleza. "Mama, hii ni njia ya kusaidiana. Watu wengi wanafanya. Hata wale wako wa Bula Pesa."

"Na ikianguka? Mtakuja kuuliza ililala wapi?"

Mwirigi akakifunga kitabu cheusi. Alijua, na mimi nilijua, kwamba ikianguka kampuni ingeuliza hilo kwanza, na baada ya jibu isingelipa chochote. Mama Qabale akaichukua fomu, akairarua mara mbili, akaweka vipande vinne juu ya kitabu cheusi. "Lori yangu inalala kwangu," akasema. "Mimi si mwizi nijifiche kwa boma ya mtu. Kama kwangu ni kubaya, mniambie ubaya wake ni gani, nisikie." Akatoka. Nilibaki nimekasirika naye sana, acha niseme ukweli. Nilimwona mjinga na mwenye kiburi, mwanamke anayekataa mkono anaponyooshewa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani werevu ni kupita mlango wa nyuma.

Alasiri ile kulikuwa na kikao sebuleni kwake. Mtu mmoja wa Korbesa, Boru, alikuwa amepoteza ng'ombe karibu wote, na wazee wa ukoo wake walioishi mjini walikutana kumsaidia. Kwetu Borana hilo lina jina, busa gonofa: aliyepoteza mifugo huja kwa ukoo, kila mmoja hutoa chake, mtu akaanza upya. Sasa wageni hudhani ni sadaka. Si sadaka hata kidogo, ni kesi. Walimhoji Boru kama polisi. Ng'ombe walikufa vipi? Walikuwa na nani? Kisima kilipokauka ulihama siku ile au ulingoja? Boru akasema alingoja. Kwa nini? Kutoka jikoni Mama Qabale, ambaye hakuwa mjumbe wa kikao wala hakuombwa maoni, akapaza sauti, "Mwulizeni alikuwa mjini kwa wiki ngapi akitafuna miraa!" Watu wakacheka, Boru akainamisha kichwa, ikatoka kwamba alikuwa mjini na ng'ombe wake alikuwa amemwachia mtoto. Walimpa, lakini walimpa pungufu, na wakamwambia waziwazi ni kwa nini. Mwingine aliyekuja baada yake, aliyepoteza kwa ugonjwa huku akiwa zizini mwenyewe kila siku, alipewa zaidi. Wote wawili walikuwa wa Korbesa.

Nililala vibaya usiku ule. Wazee wale hawakuuliza mtu anakaa wapi ndipo wajue atapata kiasi gani. Waliuliza alipoteza vipi. Na mimi nilikuwa nimekalia kabati zima la watu waliopoteza, na sikuwahi kuuliza. Asubuhi nilifika ofisini kabla ya Mwirigi, nikavuta droo ya chini, ile isiyofungika, nikatoa mafaili yote ya ajali zilizolipwa. Yalikuwa ishirini na sita. Nikayafungua moja moja nikitafuta mahali ajali ilipotokea. Faili la kwanza: Isiolo. La pili: Isiolo. La tatu, la nne, la kumi: Isiolo, Isiolo, Isiolo. Nikasema basi, kitabu kina haki, sisi ni wabaya. Halafu nikaiangalia herufi o. Ilikuwa imeziba wino katikati. Ilikuwa taipureta yangu. Yale yote niliyaandika mimi.

Ngoja nieleze jinsi ilivyokuwa, maana ni ujinga wa kwetu kabisa, mtu wa Nairobi asingeweza kuufanya. Dereva akija kuripoti ajali hasemi kilomita. Anasema, pale kwenye kona ya mawe mekundu. Anasema, chini kidogo ya pale lori la mbao lililala ubavu mwaka juzi. Anasema, kwa yule mama wa ndizi. Kila mtu wa hapa anapajua. Mwezi wangu wa kwanza niliandika hivyo hivyo nilivyoambiwa, na fomu ikarudi kutoka Nairobi na kalamu nyekundu: mahali hapa hapapo kwenye ramani. Mwirigi alinikaripia. "Andika kitu wanakijua," akasema. Nikajiuliza ni jina gani la huku wanalijua, nikapata moja tu. Tangu siku ile kila ajali niliyoletewa ilitokea Isiolo. Dereva alikuwa akisema mama wa ndizi, mimi naandika Isiolo, na fomu hazikurudi tena, na nilijiona hodari.

Nikatoa ripoti za polisi zilizobanwa nyuma ya kila faili, zile zilizoandikwa kwa mkono, nikazisoma mpaka macho yakawasha. Kona ya mawe mekundu iko kwenye mteremko wa kutoka Meru. Mama wa ndizi yuko kwenye mteremko. Lori la mbao lililala kwenye mteremko. Magari ya miraa yanayokimbizana na saa, malori ya mbao, pikapu za viazi, breki zinakwisha nguvu, yanateremka mbio mpaka yanapinduka, na yanavutwa kuletwa Isiolo kwa sababu ofisi yetu iko chini ya mlima. Ishirini na nne kati ya ishirini na sita. Mawili tu yalitokea ng'ambo ya beria: lori moja lilizolewa na maji ya laga, lile korongo kavu linalofurika ghafla, upande wa Merti, na jingine liligonga ngamia karibu na Korbesa. Barabara yetu ni mbaya mno hata huwezi kukimbia. Inavunja springi, na springi bima hailipi. Watu waliolala juu walianguka kwenye mlima wao, mimi nikaandika Isiolo, Nairobi wakahesabu Isiolo, na Mama Qabale akatumiwa bei.

Nilimwambia jikoni, akikanda unga. Nilidhani atacheka au atanihurumia. Akasimamisha mikono ndani ya sinia.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

"Sikujua, Mama."

"Ni wewe, intala. Mimi nilikuwa natafuta adui yangu Nairobi, kumbe ninamlisha." Akaniita intala, binti, kama siku zote, na ndiyo maana iliuma zaidi. Nilikula nyama ya nyirinyiri bila kuionja, nikaosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu. Asubuhi alinikuta mlangoni, akanipa chai, akasema, "Umelia? Basi imetosha. Rudi uandike upya. Andika mahali kila mmoja alianguka kwa jina lake, na yule atasema hapajulikani mlete kwangu."

Nikaandika upya, wiki nzima, baada ya kazi, kwa wino wangu na karatasi ya kaboni niliyonunua mwenyewe. Mwirigi aliona. Alisoma kurasa mbili, akaacha kuimba. Malori mawili kati ya yale ya mteremko yalikuwa ya ndugu yake. "Tume," akasema polepole, "unajua hii ikifika Nairobi, ni nani bei yake itapanda?" Nikamwambia najua. Akasema mimi ni mtoto na yeye alinipa kazi wakati hakuna mtu mwingine angenipa. Hilo lilikuwa kweli, na nilimjibu kwamba ni kweli, na niliendelea kupiga taipu.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, alikuja mkaguzi kutoka Nairobi, Bwana Mutiso, kama alivyokuja kila mwaka. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye kitambaa cha kufutia vumbi la viatu. Nilimpangia mafaili mezani mbele yake, ya mteremko kushoto, ya ng'ambo ya beria kulia. Kushoto yalifika kifuani kwake. Kulia palikuwa na mawili. Mama Qabale alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja tangu ofisi kufunguliwa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia atoke. Mutiso alisoma kwa muda mrefu. Kisha, na hili nitampa haki yake, alitueleza kwa Kizungu, kama watu wazima. "Bei haitoki mbinguni," alisema. "Tunachukua ajali za miaka iliyopita za mahali fulani, tunaangalia zimetugharimu nini, tunagawanya kwa magari ya pale. Hiyo ndiyo roho yake. Halafu tunaweka juu gharama za ofisi. Halafu tunaongeza kidogo kwa ajili ya yale tusiyoyajua."

"Na yale msiyoyajua mnayapima na nini?" nikamuuliza.

Akakunja kile kitambaa chake cha viatu. "Kusema kweli, na woga."

Nilimtafsiria Mama Qabale. Akapiga paja lake. "Haya! Sasa tumefika. Mwambie hiyo woga ni yake, akae nayo. Mimi nilipe lori yangu. Woga ya Bwana Mutiso alipe Bwana Mutiso."

Mkaguzi hakucheka, lakini masikio yalimwiva. Akasema kitabu hakibadilishwi na mtu mmoja safarini, lazima kiende kwenye kamati, na kamati ni mwakani. Ila yeye anayo ruhusa ya kutoa bei maalum kwa mteja mmoja. Akanisomea barua, nikaipiga: bima kamili, lori la tani saba, linalala Isiolo, bei ya ukurasa wa kwanza. Mwisho akaongeza mstari mmoja, kwamba bei hii ni ya mteja huyu peke yake na isitangazwe. Nikaifasiri yote. Mama Qabale akaniambia nirudie ule mstari wa mwisho.

"Isitangazwe, maana yake nini?"

"Usiwaambie wengine."

Akaweka dole gumba kwenye wino, akabonyeza, akaikunja barua akaitia ndani ya buibui. "Ahsante, bwana," akasema kwa sauti ndogo, na mimi niliyemjua nikaogopa.

Lori lilipata cheti, na kabla mwezi haujaisha tenda ilikuwa yetu. Galgalo aliliosha lori mara mbili siku moja. Ningeweza kuishia hapo, na wale wasemaji watatu wangefurahi: mama mpole alipewa, akashukuru. Siku hizi vijana wenye kompyuta huja kutuuzia bima ya ng'ombe, wananionyesha ramani yenye rangi, eti hapa ni nyekundu na pale ni kijani, na bei inafuata rangi. Mimi huwauliza swali moja tu: nani aliwaandikia mahali? Wananiona bibi msumbufu. Sawa. Mimi nilikuwa yule anayeandika, kwa hivyo najua kosa la msichana mmoja aliyekaripiwa linavyoweza kukaa ndani ya kitabu cheusi na kuitwa hesabu. Kitabu kile kilibadilishwa mwaka uliofuata, kwa taarifa yenu. Mteremko ulipewa bei yake na kaskazini ikapewa yake, na yetu ikawa ndogo. Lakini hakikubadilika kwa sababu ya mafaili yangu peke yake, wala kwa hisani ya kamati.

Kilibadilika kwa sababu Ijumaa ya kwanza baada ya kupata tenda, sala ilipoisha, Mama Qabale alinikuta nje ya ofisi akaniambia nimfuate mpaka kituo cha mafuta. Wenye malori walikuwa pale kama kila Ijumaa, kumi na wawili au zaidi, Waborana, Wasomali, Mturkana mmoja mwenye lori la samaki, wamechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta. Akatoa barua kutoka kwenye buibui, akanipa.

"Wasomee."

"Mama, imesema..."

"Najua imesema nini. Ulinisomea mara mbili."

"Wanaweza kukunyang'anya bei. Utapoteza tenda. Na mimi nitafukuzwa."

"Ndiyo," akasema. "Mimi nimeshafikiri yangu. Wewe fikiri yako. Lakini mimi sijui kusoma, Tume, na hapa hakuna mwingine anajua Kizungu cha bima." Hakuniita intala. Aliniita kwa jina, mbele za watu, akangoja. Ng'ambo ya barabara Mwirigi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yetu na kikombe cha chai mkononi, akitutazama. Nikaifungua barua, nikasoma kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiborana, na nilipofika ule mstari wa mwisho niliusoma pia. Kisha mwenye lori la samaki akasema, "Hata mimi nalala hapa," na wote wakasimama pamoja.

Jumatatu walikuwa wamejipanga kutoka mlango wetu mpaka kupita duka la vyuma, kila mmoja na kadi ya gari lake, kila mmoja akitaka bei ya Mama Qabale. Nilikuwa nimefungua ofisi mapema na kuanza na wa kwanza, nikimpigia taipu ombi lake kwa Nairobi. Mwirigi alipofika ilibidi aombe njia. Habari ilikuwa imeshavuma tangu Ijumaa, na simu ya Nairobi ilikuwa imeshampata nyumbani, nilijua nilipomwona uso. Alisema wameuliza nani ametangaza. Nikamwambia awaambie ni mimi, na nikamtajia jina langu lote ili asikosee. Akavuta pumzi, akainyoosha ile mikono yake minene juu ya meza yangu, bila ukali, karibu kwa huzuni.

"Nipe funguo, Tume."

Nikamwambia angoje, wamebaki tisa. Nikaingiza karatasi nyingine kwenye taipureta.